Haya ya Mtu Aliyekosa Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Nyakabanda, Kigali)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku viumbe vyake vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.



Jambo nililotakiwa kulisema mbele yenu si la sala wala la saumu, lakini lazigusa sala na saumu zetu, kwa kuwa lamhusu mtu anayesimama safu moja nasi, bega kwa bega, na sisi hatujui ana nini moyoni. Nataka kusema juu ya mtu aliyekosa kazi. Wala sitasema juu ya ukosefu wa kazi wenyewe, maana hayo husemwa kila siku katika redio na katika mikutano. Nataka kusema juu ya kile kinachompata rohoni pale anapoambiwa: Njoo uandikwe jina lako, upate msaada mpaka Mungu atakapokufungulia mlango.

Mtu huyu twamjua sote. Katika mitaa yetu hii, tangu Munanira mpaka Nyakabanda, na kule Biryogo na Nyamirambo, watu wetu wameishi tangu zamani kwa kazi ya mikono yao. Huyu ni dereva, yule ni fundi wa magari, huyu ni fundi cherehani, yule ni mchuuzi wa nguo. Kazi za namna hii mara nyingi hazina mkataba wala pensheni. Siku tajiri anapouza gari lake, dereva hurudi nyumbani na leseni yake mfukoni, na hana kingine.

Kesho yake huamka alfajiri kama ilivyo desturi yake, akasali, akavaa shati lililopigwa pasi, akawaaga watoto, akatoka. Huenda wapi? Huenda akaketi barazani kwa rafiki mpaka adhuhuri, kisha akazunguka mjini, na jioni akarudi kama mtu aliyetoka kazini. Mkewe anajua, lakini hasemi. Watoto hawajui. Deni la dukani lapanda kidogo kidogo. Na siku kiongozi wa isibo anapopita akiandika majina ya wenye shida, bwana huyu husimama mlangoni kwake, akatabasamu, akasema: Sisi alhamdulillahi tunayo, waandike wanaohitaji. Naye nyuma yake sufuria halijawekwa motoni.

Ndugu zangu, wengi wetu tukisikia habari hii twasema: Huyu ni mtu mwenye heshima zake. Mimi nasema tutazame vizuri, kwa maana wanaolipa gharama ya heshima hii ni watoto wasiojua neno.

Tumeyaona mambo haya kwa macho yetu, si hadithi za mbali. Mwaka 2016 ushuru wa nguo za mitumba, zile tuziitazo caguwa, ulipandishwa kutoka dola 0.20 kwa kilo hata kufika dola 2.50. Serikali ilitaka viwanda vya nguo vya nchi vikue. Lakini mchuuzi aliyekuwa akiishi kwa robota moja la nguo, mtaji wake haukuweza tena kulinunua, naye alijiona yu nje ya kazi bila ya kosa alilolifanya.

Kisha ukaja mwaka 2020. Machi 21 amri ilitoka watu wakae majumbani kwa sababu ya maradhi ya Korona. Pikipiki za abiria zilisimama, maduka mengi yasiyo ya vyakula yalifungwa, na mafundi waliweka zana zao chini. Mtu aliyekuwa akila cha leo kwa kazi ya leo, hakuwa na leo. Tarehe 28 ya mwezi ule ule serikali ilianza kugawa vyakula mjini Kigali, nyumba kwa nyumba: unga wa mahindi, mchele, maharage. Majina yaliandikwa na viongozi wa mitaa na wa isibo. Siku zile tuliona mambo mawili. Wako waliopokea, wakamshukuru Mungu, na watoto wao wakala. Na wako waliokuwa na njaa ile ile, lakini walitamani mfuko ule uletwe usiku, na wengine hawakutaka kuandikwa kabisa. Nao hawa wa pili hawakuwa wajinga wala wenye kiburi. Walikuwa watu waliozoea kutoa, na mkono uliozoea kutoa haujui namna ya kufunguka ili upokee.

Basi swali letu ni hili: je, yampasa mtu huyu aone aibu?

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo ndimi zetu huyachanganya, haya na aibu. Haya ni katika imani, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha hivyo. Haya humzuia mtu asiseme uongo, asichukue kisicho chake, asiombe ilhali anacho. Ama aibu hii tunayoisema ni kitu kingine. Ni hofu ya macho ya watu. Na dalili ya kuzipambanua ni nyepesi: haya humpeleka mtu kwenye ukweli, na aibu humpeleka kwenye uongo. Anayevaa shati la kazi na hana kazi, akawadanganya watoto wake na jirani zake, si haya iliyomvika shati lile.

Pili, tuitazame habari ambayo masheikh wetu wameisema mara nyingi, nayo imepokewa katika kitabu cha Abu Daud. Mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba. Mtume alimwuliza ana nini nyumbani kwake. Akajibu kuwa ana kitambaa kizito, nusu wanajifunika na nusu wanatandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume alivitaka viletwe, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akataka kuvinunua kwa dirhamu moja, mwingine akaongeza hata mbili, akauziwa huyo. Mtume akampa yule mtu zile dirhamu mbili, akamwambia kwa moja anunue chakula awapelekee watu wake, na kwa ya pili anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe mtukufu, akamwamuru aende akakate kuni na kuuza, na asimwone kwa muda wa siku 15. Mtu yule alirudi na dirhamu 10.

Habari hii huhadithiwa kwa kuwakemea waombaji, na ni haki, kwani mwisho wake wasema kazi ni bora kuliko kuomba. Lakini wangapi wetu wametua kwenye ile dirhamu ya kwanza? Dirhamu ya kwanza haikununua shoka. Ilinunua chakula. Mtume hakumwambia mtu yule: Nenda ukafanye kazi, ukishapata ndipo watoto wako wale. Alitanguliza mkate, kisha shoka, kisha muda maalumu. Alijua kwamba mtu hawezi kupanda mlima kutafuta kuni huku akisikia kilio cha wanawe masikioni mwake.

Tena tazameni jambo jingine. Fedha zile zilikuwa za nani? Zilikuwa zake mwenyewe, thamani ya vitu vyake. Wala hakufukuzwa kwa maneno makali mbele za watu. Alisaidiwa kukitumia alichokuwa nacho, akatoka pale na shoka begani, kichwa chake ki juu.

Mambo haya matatu, yaani chakula cha sasa, njia ya kurudia kazi, na muda uliowekwa, ndiyo yale yale ambayo mataifa ya leo yameyatungia sheria. Kule Uingereza sheria ilipitishwa mwaka 1911, kwamba mfanyakazi wa kazi fulani fulani, kama za ujenzi na za kuunda meli, atoe sehemu ndogo ya mshahara wake kila wiki, na tajiri wake atoe, na serikali itoe. Kisha akikosa kazi alipwe shilingi 7 kwa wiki, zisipite wiki 15 katika mwaka. Jirani zetu wa Tanzania nao, katika sheria zao za hifadhi ya jamii za mwaka 2018, waliweka fao la mtu aliyepoteza ajira: mwanachama aliyetimiza masharti hulipwa theluthi ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita, huku akitafuta kazi nyingine. Fedha hizo si huruma ya mtu. Ni akiba aliyoichanga alipokuwa na nguvu. Anayeona aibu kuzichukua ni kama mkulima anayeona aibu kufungua ghala lake mwenyewe.

Ama hapa kwetu Rwanda, hazina ya RSSB ina pensheni ya uzeeni, ina fidia ya ajali za kazini, ina matibabu na posho ya uzazi, lakini fao la aliyekosa kazi halimo. Iko mipango ya kuwasaidia maskini, kama ule wa VUP ulioanza mwaka 2008, ambao huwapa kazi za umma wenye nguvu na kuwapa fedha wasio na nguvu. Lakini dereva wetu yule na fundi wetu yule, siku anapokosa kazi, mara nyingi mlango wa kwanza anaoweza kuubisha ni wa ndugu, wa jirani, au wa msikiti.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo letu. Mtu wa London husimama mbele ya karani asiyemjua, akatia sahihi, akaenda zake. Mtu wetu husimama mbele yetu sisi, tunaomjua yeye na baba yake, tuliokula karamu ya harusi yake. Kwa hiyo aibu yake ni nzito zaidi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo dawa yake i mikononi mwetu, maana macho anayoyaogopa ni macho yetu.

Wala msidhani kwamba sheria peke yake huondoa uchungu. Waingereza hao hao, mwaka 1931, kazi zilipokuwa haba mno, waliweka utaratibu wa kuchunguza nyumba za walioomba msaada baada ya fao lao kwisha. Maafisa waliingia ndani wakahesabu samani, na mshahara wa mtoto aliyepata kazi ukapunguza msaada wa baba yake. Watu waliichukia taratibu hiyo kwa miaka mingi. Fedha zilitolewa, lakini zilitolewa kwa namna ya kuumiza. Hii yatufundisha kwamba aibu ya mpokeaji hutoka zaidi katika namna ya mtoaji.

Sasa, zaka. Mwenyezi Mungu ameyataja makundi manane yanayostahiki zaka, na la kwanza katika hayo ni mafakiri, la pili ni maskini. Naye ameyaeleza mali ya waumini kwamba ndani yake imo haki inayojulikana, ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Sikilizeni neno hilo, haki. Anayepokea zaka kwa kustahiki hapokei fadhila ya tajiri. Amepokea chake, kilichokuwa amana katika mkono wa mwingine. Na Qurani imewasifu mafakiri wasiong'ang'ania watu kwa kuomba, hata asiyejua huwadhania ni matajiri kwa ajili ya kujizuia kwao. Lakini sifa hiyo si ya kutufanya sisi tulale. Aya ile yatuhimiza tuwajue kwa alama zao, na tuwatafute.

Ataniuliza mtu: Je, mkono wa juu si bora kuliko wa chini? Naam, ni bora, na hiyo ni kauli ya Mtume wetu. Lakini Mtume huyo huyo alimpa Sayyidna Umar fedha, na Umar akasema wapewe walio na haja zaidi yake. Mtume akamwamrisha azichukue, akamfundisha kwamba mali inayomjia mtu bila ya yeye kuikodolea macho wala kuiomba, na aipokee. Ikiwa Umar aliamrishwa kupokea, ni nani basi huyu wa Nyakabanda anayejiona mkubwa kuliko kupokea?

Lakini ndugu zangu, mizani ina vitanga viwili. Mpokeaji naye ana adabu zake, na mimi ningekuwa mdanganyifu kama nisingezitaja.

Adabu ya kwanza ni ukweli. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Kabisa bin Mukhariq kwamba kuomba ni halali kwa watu watatu tu: aliyejitwika deni la kusuluhisha watu, aliyepatwa na msiba ulioteketeza mali yake, na aliyepatwa na ufakiri, wakashuhudia watu watatu wenye akili katika jamaa zake kwamba kweli amefikwa. Na kila mmoja hupewa mpaka atengemae. Basi anayeandika watoto sita ilhali anao watatu, au anayechukua msaada huku akificha kazi yake, huyo amekula cha yatima.

Adabu ya pili ni kutoacha kutafuta. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msaada ni daraja, na mtu hajengi nyumba juu ya daraja. Yampasa aamke alfajiri kama siku za kazi, aulize, ajifunze kazi nyingine, asichague sana. Fundi wa magari akipata kibarua cha kubeba matofali, na abebe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Adabu ya tatu ni kutoka mapema. Siku Mungu atakapomruzuku, aende mwenyewe aseme: Jina langu lifuteni, apewe mwingine. Neno hilo moja lasafisha kila aibu aliyokuwa nayo.

Na adabu ya nne, nayo ni ya kwanza kwa uzito, ni kumwambia mkewe. Wanaume wenzangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mama wa nyumba hujua senti moja iende wapi, naye ndiye atakayekuwa mshauri wako wa kwanza. Ukimficha, umejinyima msaada ulio karibu kuliko wote.

Nasi watoaji tuna adabu zetu. Tusitoe mbele ya macho ya watu panapowezekana kutoa kwa siri. Tusimpige picha mtu akipokea mfuko wa unga, ikazunguka katika simu za mji mzima; kwa picha ile tumeinunua sura yake kwa bei ya kilo tano. Tusiulize mlangoni kwa sauti: Je, umeshapata kazi? Mwenye kukosa kazi huulizwa swali hilo mara kumi kwa siku, na kila mara ni kama mwiba. Badala ya kumwuliza, tumwambie: Nimesikia mahali fulani watu wanatakiwa, twende pamoja. Na tusimhesabie vitu vyake. Akionekana amemnunulia mwanawe kandambili mpya, tusiseme, Kumbe anazo. Mtoto wa asiye na kazi naye ana miguu.

Na nyinyi mliojaaliwa kuajiri watu, mlipeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyoamrishwa. Na siku mnapolazimika kumwachisha, mwambieni mapema, mmpe haki zake zote, na mmwandikie barua njema ya kumtambulisha kwa mwingine. Wengi wanaoingia katika shida hii wasingeingia kama wangeachishwa kwa wema.

Sasa natoa shauri langu, nanyi mlipime. Tumeambiwa mashahidi watatu wenye akili. Basi na tuchague watu watatu katika mtaa huu, na mmoja wao awe mama, wanaoaminiwa kwa kutunza siri. Mwenye kukosa kazi asilazimike kusimama mbele ya mkutano. Awaendee hao watatu baada ya sala ya isha, au wao wamwendee, na jina lake lisitoke kwao. Chakula kimfikie usiku. Kisha, badala ya kuishia kwenye chakula, tuweke fungu la pili, la shoka: cherehani ya kuazima, ada ya kujifunza udereva, mtaji mdogo wa sokoni. Na muda uwekwe, wa kukutana tena na kuulizana habari kwa upole, kama mtu yule wa Ansari alivyowekewa siku zake 15. Mambo haya hayahitaji jengo wala afisi. Yahitaji watu watatu, daftari moja, na midomo iliyofungwa.

Leo yeye, kesho mimi. Hapana hata mmoja kati yetu aliyeandikiwa kwamba duka lake halitafungwa au gari lake halitauzwa. Tukilainisha njia hii kwa mwenzetu, tumeilainisha kwa ajili yetu na wana wetu. Na tukiiwekea miiba ya maneno, tutaikanyaga wenyewe siku yetu ikifika.

Namwomba Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya riziki ya halali wote wasio na kazi katika mtaa huu na katika nchi yetu, awape subira wake zao na wanao, na aifanye mikono yetu inayotoa isione fahari, na inayopokea isione unyonge. Amin.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.